Taa ya Utelezi Haitibiwi kwa Plasta

Kigari kidogo cha njano chenye mikia miwili iliyojipinda kikiwaka kwenye dashibodi, jambo la kwanza ni kuwakataa washauri. Jirani atakwambia uchomoe betri usiku kucha. Shemeji atakuletea plasta nyeusi uizibe taa, kisha uliuze gari kabla plasta haijabanduka. Fundi wa kona atatamka "hiyo ni sensa tu, bosi" akiwa bado ng'ambo ya barabara. Washukuru wote, wape soda, na gari lisiguswe.

Itazame taa yenyewe kwanza. Ikipepesa kidogo ukiwa kwenye tope au lami iliyolowa, kisha ikazimika, gari ni zima. Kompyuta imeona gurudumu moja linazunguka bure, ikapunguza nguvu ya injini na kulibana gurudumu hilo kwa breki yake. Wa kulaumiwa hapo ni mguu wako wa kulia. Ikiwaka mfululizo, mfumo wa kuzuia utelezi umejizima. Ikiwa taa ya ABS (breki zisizojifunga) nayo imewaka, mfumo huo pia umezimika, maana mifumo yote miwili hutegemea sensa zilezile nne za mwendo, moja kwa kila gurudumu. Breki za kawaida zinabaki, ila ukizikanyaga kwa nguvu magurudumu yanaweza kujifunga na usukani ukakosa kazi. Dereva anayeshuka mlima Kitonga mvua ikinyesha, onyo likiwa chini ya plasta, anahatarisha abiria ambao hawakuulizwa.

Sasa tazama kitufe. Toyota nyingi zilizotumika Japani zina kitufe cha kuzima mfumo wa utelezi, TRC OFF au VSC OFF, na watoto hukipenda kuliko redio. Kina kazi yake halali: ukinasa kwenye matope, mfumo unaweza kuikata nguvu ya injini mpaka gari lisisogee hata sentimita, basi unauzima, unajinasua, unauwasha tena. Kama taa imewaka kwa sababu ya kitufe, kibonyeze. Matengenezo yameisha na hudaiwi.

Taa ya injini ikiwaka pamoja na ya utelezi, magurudumu yaache kwanza. Toyota nyingi huzima TRC zenyewe zikiona hitilafu ya injini, kwa sababu mfumo hauwezi kupunguza nguvu ya injini usiyoiamini. Koili moja iliyokufa inaweza kuwasha taa zote hizo. Tengeneza injini, taa ya utelezi itafuata.

Kama injini haina neno, lipime gari kwa mashine inayosoma ABS. Vifaa vingi vya bei rahisi husoma injini peke yake, vikakutangazia kwamba gari halina tatizo huku taa ikikukodolea macho. Kwenye Toyota, msimbo C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Lakini msimbo hautaji spea ya kununua. Unataja mtaa wa kuanzia msako. Mwombe fundi aache mashine ionyeshe mwendo wa kila gurudumu, mwendeshe polepole kwenye barabara iliyonyooka. Matatu yakisema 30 na moja likisema 0, au likirukaruka, mmempata mkosaji. Fundi asiyetaka kufanya hivyo ila anajua bei ya sensa mpya, muage kwa heshima.

Nyanyua gari, livue gurudumu. Fuata waya wa sensa tangu kwenye habu hadi unapoingia kwenye bodi: hukatika pale unapojikunja karibu na shokamzoba, au hulika ukigusana na tairi. Chomoa plagi utazame tope na kutu ya kijani. Chomoa sensa uifute, maana ncha yenye sumaku hukusanya unga wa chuma unaotoka kwenye breki. Ya kizamani yenye koili hupimwa kwa mita ya ohm na kulinganishwa na ya upande wa pili. Nyingi za kisasa hazipimwi hivyo.

Waya na sensa vikiwa vizima, inabaki beringi ya gurudumu, na hapa nakuomba ukae na mimi, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoteketea. Magari mengi ya sasa hayana meno ya chuma kwa ajili ya sensa. Yana ukanda wa sumaku ndani ya sili ya beringi, upande mmoja tu. Fundi akiipachika kinyume, gurudumu litazunguka vizuri bila kelele, na sensa haitaona kitu. Utanunua sensa mpya, taa itawaka. Utanunua ya pili, itawaka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari liwe: beringi ilibadilishwa lini? Kama taa iliwaka siku hiyohiyo, msako umekwisha. Na kabla ya kupachika mpya, gusisha kibanio cha karatasi kwenye sili zote mbili: upande unaokishika kidogo ndio utakaotazamana na sensa. Nyundo ikae mbali na upande huo.

Tairi nazo zina kesi. Tatu za saizi moja na ya nne ya "itatufikisha tu" huidanganya kompyuta, kwa kuwa tairi ndogo huzunguka haraka zaidi. Na kama taa za breki za nyuma haziwaki au hazizimiki, chunguza swichi ya pedeli kabla ya vyote. Ni kitu cha bei ndogo.

Ukimaliza, futa msimbo, endesha kilomita kadhaa. Kisha tafuta uwanja wa changarawe usio na watu wala mbuzi, simama, kanyaga mafuta kwa ghafla. Taa ikipepesa na injini ikajizuia yenyewe, rudi gereji umlipe fundi pesa yake yote.