Raha ya Kuvua kwa Keekee

Watu wa Minnesota, Marekani, wasieleweke vibaya: wana akili timamu. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, mwenye busara huacha nyumba yenye joto, huburuta nyumba nyingine hadi katikati ya ziwa lililoganda, kisha huwasha hita ajihisi yuko nyumbani.

Ndani mna kitanda, jiko na runinga. Sakafuni kuna tundu lililotobolewa kwa keekee, na baba mzima analikodolea macho kama mdai aliyepiga kambi mlangoni kwa mdeni wake. Samaki asipotokea, bia ipo, nayo ikiwekwa nje haihitaji friji. Uchumi huo!

Usalama nao haukusahaulika. Idara ya Maliasili ya jimbo hushauri barafu iwe na unene wa sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga. Desemba 2023, kwenye ziwa la Upper Red, kipande cha barafu kilimeguka kikaelea na watu zaidi ya 100: matembezi ya majini bila nauli, na waokoaji wakaja kuwapokea.

Samaki huuzwa madukani mwaka mzima, tayari ameparwa magamba. Lakini huyo, bila shaka, ni wa wavivu.