Nusu ya Panya

Nyumba yetu ya Kibokoni ina saa mbili. Moja ni ya marehemu baba mkwe, iko ukutani, na ilisimama saa nne na robo kabla mimi sijaolewa. Ya pili ni mimi. Usiku umeme ukikatika na feni ikanyamaza, kifua changu husikika chumba kizima: tik, tik, tik, kama mtu akataye kucha nyuma ya mlango. Miezi ya mwanzo mume wangu hakupata usingizi. Siku hizi akienda Nairobi kwa kazi, akipiga simu usiku hataki habari za watoto wala za bili ya maji. Ataka niiweke simu kifuani kwanza.

Ni valvu. Niliwekewa mwaka 2011, India, kwa michango ya ukoo, ya majirani, na ya wanawake wa upatu walionipa zamu zao. Ile niliyozaliwa nayo iliharibiwa na ugonjwa ulioingilia kooni. Nikiwa na miaka tisa niliumwa koo, nikasukutua maji ya chumvi, nikapoa. Wiki kadhaa baadaye goti likavimba, kisha uvimbe ukahamia kiwikoni, wazee wakasema mtoto arefuka. Kumbe ni homa ya baridi yabisi. Mwili unaopigana na vijidudu vya koo huweza kukosea adui ukaupiga moyo wake wenyewe, na penisilini siku zile za koo ingeyakata maneno. Sikupewa. Valvu ikakakamaa polepole, bila kuniarifu, mpaka mimba ya pili, nilipokaa kitako katikati ya ngazi na karai la nguo mapajani, nikihema kama niliyeogelea kutoka Likoni.

Hii mpya ni ya kaboni ngumu. Shida ni kwamba damu haiipendi. Damu ikikutana na kitu kigeni hutaka kuganda, na bonge dogo likichomoka hapo likapanda kichwani, mtu amepooza. Kwa hivyo nameza warfarini kila jioni, na nitaimeza mpaka nizikwe. Kuna kipimo cha damu kuganda, INR. Asiyetumia dawa hii huwa 1 hivi. Mimi natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo ni bonge, juu ya hapo ni damu isiyokatika. Nikirudi kliniki, kabla sijavua buibui, nyumba nzima imejaa ngazini kama waliokosa matangazo ya mpira: "Ngapi leo?"

Na kila mmoja ana wizara yake. Wifi yangu ana mboga. Daktari alisema mchicha na sukuma vina vitamini K, inayoivuta damu upande wa kuganda, basi nile, ila nile kiasi kilekile kila wiki. Wifi akaenda akanunua kikombe cha bati, ndicho apimiacho mchicha wangu, na akiona jani limening'inia ukingoni hulirudisha sufuriani. Mume wangu ana vyenye makali: visu, nyembe, sindano za cherehani, na juu ya vyote, mbuzi. Mbuzi ya nazi! Naikalia tangu miguu yangu haijafika chini. Mwanamke wa Mombasa kukatazwa mbuzi ndani ya nyumba yake ni sawa na nahodha kukatazwa usukani. Sasa twanunua tui la pakiti, na wali wetu umekuwa... nisiseme, huenda akayasoma haya.

Dawa ni za mavyaa. Kila jioni, adhana ya Magharibi ikiisha kwenye msikiti wa Mandhry (umesimama hapo tangu karibu mwaka 1570, na mavyaa huuzungumza kama jirani aliyemkuta tu), hunijia na kisahani chenye vipande viwili vya tende. Mimi tangu utotoni siwezi kumeza tembe niionayo. Basi yeye huificha. Kipande cha kwanza kina tembe nzima ya waridi, cha pili kina nusu. Miligramu 7.5 kwa jumla. Nafumba macho, nameza bila kutafuna, yeye asema "Shifaa", tumemaliza. Kwa miaka hatukukosea hata siku moja.

Mashaka yalianzia Lighthouse.

Kutembea nimeruhusiwa, tena nimeamrishwa. Ila watu wangu hawajui kwenda matembezi na mtu wa moyo bila kuhamisha nyumba. Jumapili hiyo tulikodi tuktuk mbili. Mavyaa alibeba kiti cha plastiki, nisije nikakalia ukuta wenye baridi. Wifi alibeba kikombe chake. Mume wangu alinivisha kadi ya kliniki shingoni kwa utepe, kama mtoto wa chekechea, tukapita Ngomeni na Treasury Square hivyo hivyo, mimi nikiificha ndani ya mtandio.

Pale baharini walipajenga upya mwaka 2019, hata sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyiwa papo hapo, na pana jina lake rasmi la Mama Ngina. Sisi ni Lighthouse tu. Mibuyu ipo, pepo zipo, meli zaingia Kilindini karibu nawe mpaka waweza kumpungia mkono mpishi wake. Tukala muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu. Tukatandika leso tukacheza karata, nikashindwa kama kawaida. Si kwamba sijui. Nikipata karata nzuri moyo wanienda mbio, na wifi hukaa upande wa kushoto makusudi, atega sikio, kisha atupa karata yake chini: "Wifi, umeshika kubwa. Wagonga kama cherehani."

Shemeji yangu, yeye husoma simu hata mbele ya bahari. Akasema, "Mwajua hii warfarini ilikuwa sumu ya panya?"

Na haikuwa uongo. Kule Wisconsin, Marekani, ng'ombe walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula nyasi kavu zilizoota kuvu. Mwaka 1933 mkulima mmoja akaendesha gari kwenye theluji na mtamba aliyekufa na mtungi wa maziwa uliojaa damu isiyoganda, mpaka maabara ya chuo kikuu. Wataalamu wakachimba miaka mpaka wakakipata kilichokuwa ndani ya zile nyasi, wakatengeneza ndugu yake mkali zaidi, na mwaka 1948 akaingia madukani kuua panya. Jina lenyewe limeshonwa kwa herufi za mfuko wa utafiti wa Wisconsin. Miaka michache baadaye watu wakaanza kutibiwa nayo, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alipopatwa na shambulio la moyo, alipewa hiyo hiyo.

Mavyaa aliacha kutafuna. "Yaani mkaza mwanangu nampa sumu ya panya, kwa mkono wangu, ndani ya tende?"

"Ni kipimo, mama. Kidogo ni dawa."

"Na kikubwa?"

"Kikubwa humfika panya."

Akanyamaza. Akanyamaza Lighthouse, akanyamaza kwenye tuktuk, akapanda ngazi kimya. Miaka ishirini na ushei namjua; ukimya ule ungetutosha kuwa onyo.

Maana sisi tulikuwa na panya. Nyumba ya mawe na boriti, hatua chache kutoka bandari ya kale, panya si mgeni, ila huyu alikuwa amekomaa, wa kunyoa ndevu. Alitoboa kikapu cha mahamri, alitafuna kiatu cha Idi, aliingia vyumba vyote isipokuwa chetu. Hilo mavyaa alikuwa amelitambua zamani, sisi hatukulitia maanani. Paka wa mtaa hawakuwa na haja naye, wameshiba vichwa vya samaki. Na ile dawa inayotangazwa kwa kipaza sauti kule Marikiti, panya-mende-kunguni, mavyaa alikwisha kuinunua mara tatu, akaona panya yuazidi kung'aa manyoya.

Wiki tatu baada ya Lighthouse nikaenda kupimwa. Ngazini wakauliza, "Ngapi?"

"Moja nukta sita."

Hakuna aliyesema kitu. Hapo valvu ilisikika mpaka barazani.

Daktari alikuwa amepandisha dozi mpaka miligramu 10, na juu yake sindano za tumboni mpaka kipimo kipande. Nyumbani likafunguliwa baraza la uchunguzi. Wifi alikilaumu kikombe chake, akalia, akakitupa, akakiokota. Mume wangu alizimwaga tembe kitandani akazihesabu mara mbili: hesabu barabara, zilizotoka ni zilizotakiwa kutoka. Ikashukiwa pilau ya harusi ya Bondeni. Nikashukiwa mimi, kwamba jirani alinipa majani ya mzunze nikayanywa kwa siri. Mavyaa peke yake hakumshuku mtu. Jioni akaleta kisahani, tende mbili, tembe nzima kila moja, akasema "Shifaa" kwa sauti ndogo.

Siku ya pili yake kulikuwa na hitima kwa jamaa Mkanyageni, wote wakaenda. Mimi nikaachwa na amri ya kulala. Nilitazama dari. Nikatazama saa iliyosimama. Halafu nikashuka jikoni, nikavunja nazi moja kwa kisu cha kuazima kwa jirani, nikaenda kuitafuta mbuzi ilikofichwa, nyuma ya mtungi wa maji.

Nikaivuta, ikaja na vitu vingine. Kisahani cha kahawa cha mavyaa, chenye maua ya buluu. Miba ya papa mkavu iliyokwanguliwa safi. Na kando yake, vimetapakaa kama shanga zilizokatika uzi, vipande vya waridi. Nusu, nusu, nusu. Nikahesabu kumi na saba. Vingine vilikuwa na alama ya kidole, vilikuwa vimesukumwa pembeni kama mtoto asukumavyo kitunguu sahanini.

Nilikaa juu ya mbuzi, nikikuna, nikifikiri, maana hesabu hunijia vizuri mikono ikifanya kazi. Daktari alidhani nameza 7.5. Kumbe kwa wiki tatu napata 5. Kwa kudhani 7.5 hainitoshi, amenipandisha 10. Na katika 10 hamna nusu, kwa hivyo jana zote zimeingia kwangu. Nimepandishwa mara mbili kwa siku moja, na dawa hii haisemi leo, husema baada ya siku kadhaa, na ikisema, husema kwa damu.

Mlango ukafunguka. Mavyaa alikuwa amesahau miwani.

Tukatazamana. "Wafanyani juu ya mbuzi?"

"Na hizi za nani, mama?"

Moyo wangu ulikuwa ukigonga kama unaobisha hodi. Akaniangalia kifuani, akakiangalia kisahani, akakaa sakafuni na buibui lake.

"Nzima ni yako, hiyo sikuigusa," akasema. "Ile nusu niliona ni nyongeza. Kama mwenye duka akupimiavyo, kisha akatia kidogo juu. Nikasema kidogo hicho nimpe yule."

"Naye hakula. Amekula papa, ameacha dawa."

Akachukua kimoja akakigeuza. "Hata panya," akasema, "amenishinda akili."

Kisha akainua uso, nikaona wazo limemjia. Wewe hukukalia mbuzi, akasema, nami sikumlisha mtu. Na wallahi nilitamani. Nazi ilikuwa nzuri, nimeshafika nusu, harufu yake imejaa jikoni. Lakini ile hesabu haikuwa na mlango wa nyuma. Nikamsomea: tano, saba na nusu, kumi. Hakujua kuandika hata jina lake kwa Kizungu, ila hesabu ya duka anaijua, na alipofika kumi akasimama mwenyewe, akaniambia, "Mpigie mwanangu. Mpe simu, nitasema mimi."

Alisema yote. Mume wangu alikuja na tuktuk, hakuweza kumkemea mama yake, kwa hivyo alinikemea mimi juu ya mbuzi kwa dakika nyingi, kisha akampigia daktari. Ilibidi aeleze mara mbili. Tulimsikia daktari akiuliza, "Nani alipewa nusu?" na mume wangu akijibu "Panya" kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. Nikarudishwa 7.5, nikaambiwa nisikose kupimwa siku chache baadaye, na vile vipande kumi na saba vitupwe pasipofikiwa na mtoto. Usiku tulikula wali wa nazi ya kukuna. Watu walirudia sahani, hakuna aliyeuliza.

Nilipotoka kliniki safari ile ngazi ilikuwa imejaa zaidi ya siku zote, hata jirani wa kisu alikuwapo. "Mbili nukta nane," nikasema, na mavyaa akapiga kigelegele kilichofungua madirisha ya pili na ya tatu. Sasa tembe hukatwa mbele ya mashahidi. Wifi huishika ile nusu ya kesho, huiviringisha kwenye karatasi, huitia chupani, na kifuniko hufungwa na mume wangu.

Kuhusu panya, mavyaa hakusalimu amri. Juzi niliingia chumbani nikakuta kikapu cha mahamri kando ya kitanda, upande wangu, kimefunikwa kitambaa safi.

"Hapo ndipo pake," akaniambia. "Kwani hukuona haingii kwenu? Mtego ndivyo uliavyo kabla ya kufyatuka."

Usiku umeme ulikatika. Juu ya boriti tukasikia kucha zikija, taratibu, kutoka upande wa jikoni. Zikafika juu ya mlango wetu. Mume wangu akanishika mkono tusicheke. Tik, tik, tik. Zikasimama kidogo, kisha zikarudi zilikotoka, kwa haraka.