Jani, Beseni na Kulateni

Jumamosi moja asubuhi, soko la Owino, nilimuuliza mama muuza mboga kama nakati zake zimeoshwa. Nilimuuliza kwa Kiswahili. Mtu wa Tanga huchelewa kuiacha tabia hiyo mjini Kampala, ambako Katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005 lakini masikioni mwa wengi lugha yenyewe bado imevaa kombati. Mama akakaa wima. “Ndiyo, afande,” akasema. Kisha akachukua chupa ya maji yenye kizibo kilichotobolewa kwa msumari, akazinyunyizia nakati zote upya mbele ya macho yangu, kama anayetoa ushahidi. Mboga zikang’aa. Udongo uliokuwa umeshika mizizi nao ukang’aa.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba elimu ya kuosha mavuno haijapata mwanachuoni wake. Kulima kumeandikwa, kuvuna kumeandikwa, kupika kumeandikwa mpaka kumechosha. Lakini kile kipindi ambacho jani limeshatoka shambani na halijafika chunguni, juani wala mdomoni, kimeachiwa wanawake na mabeseni. Makala haya yanaziba pengo hilo. Mtafiti ni mimi peke yangu, ruzuku ilitoka mfukoni mwangu, na sampuli zote zililiwa baada ya kuchunguzwa.

Nianze na istilahi, maana bila istilahi mtu huonekana anapiga soga. Kiswahili ni tajiri wa maji: nguo tunafua, mwili tunaoga, mikono tunanawa, kwa ajili ya sala tunatawadha, sahani ya mwisho tunaisuuza. Jani la mboga halikupewa kitenzi chake. Linaoshwa, kama linavyooshwa gari na kama anavyooshwa maiti. Nadhani upungufu huu wa lugha ndio uliompa mama wa Owino nafasi ya kujibu ndiyo bila kusema uongo. Maji yalifika kwenye jani. Yalikuja kufanya nini, hilo ni swali jingine, na ndilo swali la makala haya.

Kwa vipimo nilirudi chuoni, namaanisha chuo cha Kurani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba maji ni mafungu. Kuna maji safi yenye kusafisha. Kuna maji mustaamali, ambayo yenyewe ni safi lakini yamekwisha kutumika, hivyo hayasafishi tena. Kuna maji yaliyonajisika. Kisha kuna mpaka wa kulateni, yaani ujazo wa mitungi miwili mikubwa ya zamani, ambao wengi huukadiria kuwa lita 216 hivi. Maji yaliyo chini ya kiasi hicho yakiingiwa na najisi yamekwisha, hata yakionekana meupe. Yakifika kulateni, hayaharibiki mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Kwa hesabu za Kampala, kulateni ni madumu kumi na moja ya lita ishirini. Sijaona muuza mboga mwenye beseni la madumu kumi na moja. Naandika hivyo bila kulaumu mtu. Ni kipimo tu.

Kwa vipimo hivyo, mavuno yote ya Kampala yanagawanyika katika himaya mbili: yanayoogopa kukauka, na yanayoogopa unyevu. Ugomvi wote kuhusu kuosha unatokana na watu kuchanganya himaya hizi.

Himaya ya kwanza ndiyo kubwa: nakati, dodo, bbugga yenye wekundu wake, sukuma wiki. (Msomaji wa Tanzania anaijua nakati bila kujua kwamba anaijua. Ni jamii moja na ngogwe. Sisi tunakula tunda, Waganda wanakula jani, na kila upande unamwonea mwenzake huruma.) Hapa maji ya sokoni hayaoshi, yanachelewesha mauti. Jani lililokatwa alfajiri linaendelea kupoteza maji, na kufikia saa sita mchana limelala kama mlevi. Muuzaji akilinyunyizia, linasimama tena. Watu wa kundi hili nimewaita Wanyunyizaji. Chombo chao ni ile chupa yenye kizibo cha msumari, na imani yao ni kwamba kung’aa ni nusu ya usafi. Maji yao hayana hata nafasi ya kuitwa mustaamali, kwa kuwa hayajatumika kuosha. Yamelala tu juu ya vumbi yakalipa sura ya umande.

Wanyunyizaji wana binamu, nao ni Wazamishaji. Hawa wanashughulika na mizizi: karoti, viazi vitamu, na yale magimbi ambayo huku huitwa mayuni. Mzizi ukitoka shambani umevaa shamba zima, na mnunuzi wa mjini anataka kuona ngozi. Basi beseni linajazwa asubuhi, na gunia zima linapita humo. Karoti ya kwanza inaoshwa kwa maji. Ya hamsini inaoshwa kwa karoti arobaini na tisa zilizoitangulia. Nilisimama mbele ya beseni moja kwa muda wa kutosha kunywa chai, nikashuhudia maji yakipita mafungu yote matatu ya mwalimu wangu kwa mpangilio kamili, kama mwanafunzi anayepanda madarasa. Soko la Kalerwe lina njia yake ya ziada: mvua kubwa zikinyesha, mfereji unafurika na soko linaogelea. Hapo mboga huzamishwa bila mzamishaji, nami nimeshindwa kuiweka hali hiyo katika fungu lolote.

Na mto wa mjini, mfereji wa Nakivubo unaopita pembeni mwa Owino? Kwa wingi, kulateni zimo na zinabaki. Rangi imebadilika. Harufu imebadilika. Kuhusu ladha, utafiti huu haukupata mtu wa kujitolea.

Bado tuko kwenye himaya ya kwanza, maana kuna jani moja lililoleta mgogoro mpaka mahakamani. Kenya linaitwa miraa, Tanzania mirungi, Uganda mairungi. Ukishuka mtaa wa Kisenyi utaliona limefungwa kwenye majani ya mgomba, kitita juu ya kitita, na mafungo yale si mapambo. Nguvu ya mairungi imo kwenye kemikali iitwayo kathinoni, nayo hupungua haraka jani likinyauka. Ndani ya siku mbili hivi mlaji anatafuna kumbukumbu. Kwa hiyo mgomba unashika unyevu, na muuzaji anaogopa jua kuliko polisi. Lakini unyevu wa kuhifadhi si maji ya kuosha, na hapa walaji wamegawanyika madhehebu mawili. Wasuuzaji hupitisha kitita chini ya bomba na kukikung’uta. Wafutaji hulifuta kila tawi kwenye paja la suruali, tena suruali ileile ya jana, na hukuambia kwa uso mkavu kwamba maji yanaondoa dawa. Nimewauliza Wafutaji kama suruali haiongezi kitu. Hawakupenda swali.

Sheria nayo iliingia kwenye jambo hili, na kwa mtafiti wa kuosha haikosi mafunzo. Mwaka 2015 Uganda ilipata sheria ya dawa za kulevya iliyoyapiga marufuku mairungi pamoja na bangi. Wakulima na wafanyabiashara wa Wakiso wakaenda Mahakama ya Katiba, na Mei 2023 mahakama ikaibatilisha sheria yote. Wala haikusema jani ni halali. Ilisema Bunge lilipitisha muswada bila kuhakikisha akidi. Kwa lugha ya fani yetu, sheria ilianikwa kabla haijaoshwa. Wabunge wakarudi nayo kwenye beseni mwaka huohuo, safari hii wakihesabu vichwa.

Sasa tuvuke kwenda himaya ya pili, ya mavuno yanayotaka kukauka na yanayouona unyevu kuwa adui. Hapa mfano wenye sifa duniani ni bangi, ambayo Waganda huiita enjaga. Kanada waliihalalisha mwaka 2018, na huko wakulima wa nyumbani wana ibada ya ndoo tatu. Vichala vikishakatwa huchovywa kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi, au ndoo ya maji ya limao na magadi, kisha kwenye ndoo mbili za maji matupu, ndipo huning’inizwa vichwa chini vikauke. Wanasema wanaondoa vumbi, wadudu na ukungu. Wafutaji wetu watashangaa kusikia kwamba hoja yao haifiki huko: utomvu wenye nguvu ya bangi ni kama mafuta, na maji ya baridi hayauyeyushi. Hatari iko kwenye kukausha. Kichala kilichoshiba maji, kikianikwa kwenye hewa nzito, kinaota ukungu kutoka ndani, kwa hiyo aliyeosha ili kuuondoa ukungu anaweza kuukaribisha kwa mlango wa nyuma.

Kampala ina mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, na hata katikati ziwa halichoki kutuma mawingu. Kwa hali ya hewa peke yake ndoo tatu zingekuwa mtihani. Kwa sheria, ndoo tatu ni vielelezo vitatu, na kamba ya kuanikia ni cha nne. Mimi nakaa Kibuli, jirani na makao makuu ya upelelezi, ambako maafande wa kweli hupita kila saa. Sehemu hii ya utafiti niliimaliza kwa kusoma tu.

Lakini kwa nini tuhangaike na enjaga wakati Uganda ina mavuno mengine ambayo biashara yake yote imegawanywa kwa swali hili hili la kuosha? Nazungumzia kahawa. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Bugisu, tunda la arabika humenywa, huchachushwa na kuoshwa, ndipo huanikwa. Sokoni arabika iliyooshwa ina jina la Wugar. Arabika iliyoanikwa na ganda lake, bila kuoshwa, inaitwa Drugar, na inajulikana sana upande wa Rwenzori. Hayo ni majina yanayoandikwa kwenye mikataba, si mzaha wangu. Tangu niyajue, siwezi kupanda matatu bila kuwapanga abiria: huyu Wugar, yule Drugar, na kondakta nimeshindwa kumpanga.

Robusta ya Buganda ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Inavunwa, inaanikwa nzima na ganda lake kwenye turubai, au chini kwenye udongo mtupu kama mwenyewe ana haraka na hela, na ikishakauka inaitwa kiboko. Nimekaa na jambo hili usiku kadhaa. Mnyama anayeshinda majini ndiye aliyelipa jina zao lisilooshwa. Wengine wataniambia ni kiboko cha kuchapia, si mnyama. Basi, lakini hata kiboko cha kuchapia zamani kilitengenezwa kwa ngozi ya yuleyule.

Waganda wa kale walikuwa na njia ya tatu, na wajukuu wao hawajaiacha. Tunda la kahawa huchumwa bichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa na kufungwa vifurushi vidogo. Mgeni akifika, anapewa atafune. Mhaya wa Bukoba atasema hiyo ni akamwani yake, na amesema kweli. Ziwa ni moja. Zamani buni hiyohiyo ndiyo iliyofunga omukago, udugu wa kuchanjana: wawili walikula buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa mizani yangu, tunda lililochemshwa, likakauka, kisha likapakwa damu, limeanza katika fungu la juu kabisa la usafi na kumalizia katika lile la chini, na watu wakawa ndugu papo hapo. Fikihi yangu haifiki hapo. Nimeliacha kama lilivyo.

Senene nawapita haraka, ingawa msimu ukifika Novemba mji mzima unawazungumzia. Hupukutishwa mabawa na miguu, huoshwa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Hakuna madhehebu. Mtu mwenye senene hana muda wa kubishana.

Narudi kwenye nakati za yule mama, kwa sababu nilizinunua. Nilizipeleka nyumbani kwa mwenye nyumba wangu, Hajati, ambaye katika utafiti huu anawakilisha tabaka la mwisho: Waosha wa Kweli. Yeye hakubali neno la soko. Alikata mizizi kwanza, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu shambani. Maji ya kwanza yakatoka kahawia. Ya pili alitia chumvi, mboga zikakaa humo mpaka viwavi wawili wakatoka kulalamika. Ya tatu yakatoka na mchanga kidogo, akazungusha kidole chini ya beseni kuusikiliza. Ya nne yakawa meupe. Kisha akazifunga kwenye jani la mgomba na kuziweka juu ya matooke, ziive kwa mvuke. Nilimweleza kwamba kwa madhehebu yangu beseni lake halifiki kulateni. Akasema beseni lake linafika jikoni.

Maji yote manne aliyamwaga kwenye mtaro. Kwa ajili ya elimu, niliyafuata. Yaliteremka kilima cha Kibuli, yakajiunga na Nakivubo, na Nakivubo huenda zake kupitia Namuwongo, hupokea maji ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi, huingia kwenye kinamasi ambamo watu wamelima mayuni, kisha humwagika kwenye Ghuba ya Murchison. Ng’ambo ya ghuba hiyohiyo, Ggaba, shirika la maji la taifa huvuta maji ya mji, huyachuja, huyatia klorini na kuyapandisha kwenye mabomba. Ziwa ni kulateni za kutosha, hilo sibishi.

Niliporudi, mboga zilikuwa zinanukia na madumu yalikuwa matupu. Bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema hewa, kisha maji yakaanza kutoka. Hajati akanisukumia beseni kwa mguu.

“Kinga, afande,” akasema.