Tano Bora ya Waliolemewa, Voi hadi Taveta

Waingereza wana mbio za ajabu. Farasi mwenye kasi hutiwa vipande vya risasi kwenye tandiko, goigoi huachwa mwepesi, ili wote wafike mwisho wakigusana pua. Yaani ukiwa hodari, unabebeshwa. Kifungua mimba yeyote wa Kitaita anazijua mbio hizi bila kukanyaga London.

Voi hatuna uwanja wa farasi. Tulicho nacho ni kilomita mia na ushee hadi Taveta, na mizigo. Tuanze na mwepesi.

5. Farasi wa Cesarewitch. Mbio hizi za Newmarket zilianza mwaka 1839. Alexander, mrithi wa kiti cha Urusi, alichanga pauni 300, na mbio zikapewa cheo chake. Kwenye harambee zetu mchango kama huo hukupatia kiti cha mbele na soda. Mshindi wa kwanza alikuwa Cruiskeen. Risasi yake ilikaa kwenye tandiko, imetulia. Nafasi ya tano, na asilalamike.

4. Farasi wa Nairobi, Agosti 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka, walowezi walikusanyika penye uwanja wa mbio na farasi wao, hata wale wa polo, na nyumbu kadhaa. Skwadroni moja ikaitwa Monica's Own, kwa heshima ya binti wa gavana, ikabeba mikuki ya mianzi. Mianzi! Mwezi huohuo Wajerumani walikuwa wameshaitwaa Taveta, na si kwa fimbo.

3. Farasi wa van Deventer. Reli ya kijeshi ilianza kutandikwa Voi mwaka 1915 kuelekea Maktau, na wageni wakaja kwa mabehewa. Tarehe 12 Februari 1916, askari wa miguu kutoka Afrika Kusini waliukabili mlima Salaita wakidhani ni kichuguu. Pale risasi haikuwekwa kwenye tandiko; ilikuja yenyewe, kwa kasi, na waliopona walirudi bila kusubiri matokeo. Tarehe 8 Machi, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini akawazungusha wapanda farasi wake kaskazini hadi Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita wenyewe. Dereva yeyote wa matatu ya Taveta angemfundisha hilo bure: ukijua kizuizi kilipo, pita njia ya panya.

2. Farasi wa milia. Picha zipo: katika vita hivyo farasi walipakwa rangi wafanane na punda milia, eti adui asiwatambue. Punda milia aliyevaa hatamu! Adui mwenyewe hakuwa na bunduki. Alikuwa mbung'o. Kadiri jeshi lilivyosonga kusini, farasi walikufa kwa maelfu, bingwa na goigoi pamoja. Huko Newmarket hawajawahi kupata msawazishaji makini kama huyo. La kuchekesha ni kwamba watafiti wa siku hizi wameona inzi wanaouma hupata taabu kutua kwenye milia. Mpaka rangi yule alikuwa profesa bila kujua.

1. Mpagazi. Mnyama alipokufa, mzigo wake haukufa naye. Ulipanda kichwani mwa mtu, kilo ishirini na zaidi, na hakuna aliyemuuliza ana kasi gani ndipo apimiwe. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walilala matopeni na kula nafaka isiyoiva, tumbo likawaua wengi kuliko bunduki. Kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na wapo wanaosema hesabu hiyo ilifanywa kwa uvivu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalikarabati jina likawa Kariokor.

Ukipanda gari Voi kwenda Nairobi, fika mpaka soko la Kariokor. Ukitoka, tazama kibao cha barabara inayopita pale. Kimeandikwa Racecourse.