Gitaa Lililoamsha Ploti

Binti yetu alipoomba gitaa la kujifunzia, baba yake aliitisha kikao, kikao kikaunda kamati, na kamati ikawa na mjumbe mmoja: shemeji yangu. Anaishi Kibera, upande wa Makina, karibu na soko la Toi, na kwa hilo tu anajihesabu bingwa wa kila kitu cha mtumba.

Alikuta magitaa mawili. Moja jekundu, linang'aa, na angelichukua kama si bei. Akatuletea nyumbani Kawangware lile la pili ndani ya gunia: la kahawia, limefifia, shingo pana, nyuzi za nailoni, mbili zimekatika. Bila kujua, alikuwa amechagua vizuri kuliko sisi sote. Nailoni haichubui ncha za vidole, na shingo pana humpa anayeanza nafasi ya kukosea kidogo bila kugusa uzi wa jirani. Mtoto wa gredi ya sita hahitaji zaidi.

Mume wangu alilikwaruza mara moja, akakunja uso.

"Linanong'ona," akasema.

Yeye ni mtu wa Kisa, nyumbani kwa mpiga gitaa George Mukabi, na sauti iliyomlea ni ile ya gitaa kavu: dole gumba linatembea kwenye besi, kidole cha shahada kinaimba juu, pembeni mtu anagonga chupa ya Fanta. Mtindo wa omutibo wenyewe. Mukabi alifariki 1963, mume wangu hajazaliwa, lakini humtaja utadhani walikula pamoja juzi. Basi akaenda mjini, akarudi na nyuzi za chuma, akazifunga na kuzikaza mpaka gitaa likalia alivyotaka. Nikamuuliza kama lilitengenezewa chuma. Akaniambia, "Mama, gitaa ni gitaa."

Usiku huo stima ilikuwa imepotea. Tumelala, tukasikia PAA! Kisha kengele, sufuria, kifuniko kinazunguka sakafuni. Kuta zetu ni mabati, na jirani yetu ni mama mwenye mapafu. "Wezi!" Ploti nzima ikatoka. Keateka wa ploti akaja na rungu, kijana wa bodaboda akaja na jiwe, na mwingine, ambaye hata si wa ploti yetu, akaja na ushauri. Mume wangu akafungua mlango akiwa na taulo, amekumbatia gitaa, nyuzi zinaning'inia. Kile kibao kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, ambacho wapigaji hukiita daraja, kilikuwa kimeng'oka na kuruka hadi kwenye vyombo. Jaribu kuwaeleza hayo watu wenye mawe saa saba ya usiku.

Asubuhi akaja mjomba wake, ambaye ujanani alipiga kwenye harusi. Hakucheka, na hilo lilimuuma mume wangu zaidi. Alieleza polepole: nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, za chuma, hata nyepesi, hufika kilo 70 na kupita. Gitaa la nyuzi za chuma huimarishwa ndani kwa vibao vya kulibeba. Hili lilijengwa jepesi, livume kwa mvuto mdogo.

"Lakini Mukabi, mjomba..."

"Mukabi alikuwa na gitaa lake. Hili ni la mtoto."

Fundi wa viti alirudisha daraja kwa gundi ya mbao, akalibana mpaka kesho yake. Mjomba akalikagua gitaa kama ilivyopaswa kufanywa kule Toi: akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama imepinda, akabonyeza kila uzi kila mahali, akisikiliza unaokoroma, akatazama nyuzi zimepaa kiasi gani juu ya ubao, maana zikipaa sana hata mtu mzima ataacha. Rangi hakuitaja.

Tulirudisha nyuzi za nailoni, na nailoni mpya hulegea siku za mwanzo, kwa hiyo kila jioni ni kukaza upya. Binti anaweza sasa mipigo michache, na mdogo wake amejipatia chupa ya Fanta na kijiko. Keateka ametuma ujumbe kwamba gitaa linavumilika, chupa hapana.

Shemeji naye anadai kamisheni, kwa kuwa alichagua vyema. Jana kapiga simu kutoka Toi: ameona kinanda kizuri, kinakosa waya tu na vitufe viwili vya chini. Nilimkatia simu kabla mume wangu hajauliza bei.