Jinsi ya Kushindana na Maji

Chukua mililita 100 za maji, kijiko, na ubishi wa kutosha. Tia gramu 36 za chumvi, koroga, itayeyuka. Sasa ongeza kijiko kizima. Koroga mpaka mkono ufe ganzi, kisha mwite jirani akupokee. Chumvi itatulia pale pale chini. Kukoroga huharakisha kazi, hakuongezi kiasi. Washa jiko basi: maji yakichemka yatapokea kama gramu 39. Mkaa wote huo kwa gramu 3!

Hamia kwenye sukari. Maji kiasi kile kile, bila moto, hubeba takriban gramu 200, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni, na chanya kidogo upande wa hidrojeni. Kwa chaji hizo huzizunguka ioni za chumvi na kuzing'oa moja moja. Kwa chaji hizo hizo hushikana na molekuli ya sukari, yenye vishikio vinane vya oksijeni na hidrojeni. Ni kama kuposa: mahari ya maji ni mvuto wake, na sharti itoshe kumtoa binti kwao.

Kwa jiwe la matumbawe haitoshi. Ioni za kalsiamu na kaboneti zina chaji mbili mbili, zimebanana hasa. Lita nzima ya maji safi huondoka na miligramu 14 hivi. Tushukuru. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe hayo, isingevuka masika ya kwanza.

Mafuta ya nazi usiyasingizie uadui. Hayana chaji ya kushikika, na molekuli za maji zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, haziachani kwa ajili yake.

Bado unataka kuyeyusha jiwe? Tumia mvua. Hunyonya kaboni dioksaidi hewani na udongoni, ikawa asidi hafifu inayogeuza chokaa kuwa baikaboneti, na hiyo huyeyuka. Tenga maelfu ya miaka. Mapango ya Amboni, Tanga, yalichimbwa hivyo. Maji ya aina hiyo ukiyachemsha, chokaa hurudi: ndio ule ukoko mweupe ndani ya birika. Usiukwangue kwa kisu. Kamulia ndimu, tia maji kidogo, chemsha, uache usiku kucha.