Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUFUTA TOFAUTI ZA HALI YA HEWA NCHINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wanaipongeza Mamlaka, pamoja na Ofisi ya Rais – TAMISEMI, kwa kuipatia Tanzania nzima hali ya hewa moja. Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, liwe la Lindi, ambako mwalimu hujipepea kwa daftari, au la Mafinga, ambako mwezi Julai mwanafunzi huandika huku vidole vimejificha ndani ya mkono wa sweta.

Usanifu, yaani kazi ya kuamua jengo lielekee wapi, lipokee vipi mwanga na litunze vipi joto, ni huduma inayonunuliwa kwa nadra katika ujenzi wa namna hii, kwa kuwa ramani sanifu hushuka kutoka juu ikiwa tayari. Chini ya utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa mtaani bila kumpa kazi mkandarasi, mwalimu mkuu aliyesomea Hisabati huamka akiwa mnunuzi wa nondo, naye hulipanga jengo kufuata mpaka wa kiwanja. Kwamba mwezi Juni jua la Mbeya hupita upande wa kaskazini, na kwamba madirisha yakielekezwa huko darasa hupata joto lisilolipiwa senti, ni habari isiyo na mahali pa kujazwa katika fomu.

Pongezi za pekee zinastahili kutolewa kwa tofali la kuchoma. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na agizo hilo ni jema. Hata hivyo, ukuta wa jiko ambalo kuni zimefukuzwa waweza bado kujengwa kwa matofali yaliyopangwa kuwa tanuru, yakakandikwa udongo, yakasukumiwa magogo kwenye midomo ya chini na kuwaka usiku na mchana, kisha yale ya pembeni yakatoka yamepauka na kumeguka mkononi. Kuni zinazoivisha ugali zimekuwa kosa, ilhali zinazoivisha ukuta zinaingia kwenye hesabu kwa jina la “tofali, bei kwa moja”. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali yanayofungamana, ambayo ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine na kumwagiliwa maji kivulini bila moto wowote. Lakini tofali lisilotoa moshi, inaelekea, halionekani kwa mbali.

Kiini cha jambo ni kwamba bei inayoshindanishwa huishia siku ya makabidhiano. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani ya fedha, na zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ila gharama ya maisha ya jengo, maana yake ujenzi, umeme, maji, ukarabati na hatimaye ubomoaji, mara nyingi haiulizwi. Umoja wa Ulaya uliruhusu waziwazi kipimo hicho katika maelekezo yake ya ununuzi ya mwaka 2014. Huku nyumbani rahisi imeendelea kuwa ghali, na anayeilipa ni kamati ya shule inayochangisha fedha za kupaka rangi upya.

Kwa heshima zote, Mamlaka inaombwa, kabla mwaka wa fedha ujao haujaanza Julai 1, iongeze katika nyaraka za zabuni za majengo ya umma kipengele kinachotoa alama kwa gharama ya miaka 30, na kuzitaka halmashauri za Mbeya na Iringa zimlipe mbunifu majengo aliyesajiliwa afike kiwanjani kabla msingi haujachimbwa. Aje na koti.